Yoti ya Shemeji

Shemeji yangu anaishi Hamburg, mji ambao mwezi wa Desemba jua huzama saa kumi jioni, na mchana wenyewe, kwa maelezo yake, ni usiku ulioamka vibaya. Ndiyo maana Septemba ya mwaka jana, sisi Mtwara tukifyeka chini ya mikorosho tayari kwa msimu, yeye alikuwa keshaanza kuogopa giza. Akatuma ujumbe mrefu wa sauti kwenye kundi la familia. Wenzake wa kazini, alisema, baridi ikianza hukodi yoti kwenye visiwa vya joto, wengine Karibi, wengine Shelisheli. Hulala majini wiki nzima, asubuhi kisiwa hiki, jioni kile, nahodha wao na mpishi wao. "Sasa mimi," akauliza, "mtoto wa mwanamke wa Msimbati, nilipe maelfu ya yuro kwenda kuogelea bahari ya watu?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mume wangu, ambaye ndiye kaka mkubwa, alisikiliza ujumbe ule tena akiwa amesimama, na anaposimama kusikiliza simu najua nyumba imeshaingia gharama.

Sisi tunakaa Chikongola, Mtwara mjini. Mume wangu anafundisha sekondari, mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho, watoto ni watatu, na mama mkwe yuko nasi. Lakini hakai moja kwa moja. Kila bamvua inapokaribia, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mama huchukua ndoo yake na fimbo ya kuchokolea pweza, hupanda gari la Msimbati, akaenda kutembea juu ya miamba maji yakitoka. Amekosa harusi kwa ajili ya bamvua. Amekosa hadi kikao cha posa ya binti wa dada yake. Maji yakianza kufa hurudi na pweza waliokauka, akasalimia, akauliza nani amepika mchuzi huu.

Kamati iliundwa usiku uleule. Mume wangu mwenyekiti. Shemeji mfadhili. Wifi yangu aliyeko Dar es Salaam, katibu wa chakula na usafi. Mimi mweka hazina, kwa kuwa kazini nimezoea kugombana na watu kuhusu fedha ambazo bado hazijafika. Mama hakupewa cheo. "Tusimsumbue mama," alisema mwenyekiti, na wote tukaafiki kwa heshima.

Shemeji alituletea utaratibu wa kimataifa wa kukodi yoti. Chombo hukodiwa Jumamosi hadi Jumamosi. Nusu ya fedha hulipwa kabla. Kila abiria hujaza fomu ya anachokula, anachokunywa na kinachomdhuru mwilini. Fomu akaitafsiri mwenyewe akatutumia. Kwenye kinywaji mume wangu akaandika "madafu". Wifi akaandika kwamba hali samaki wenye magamba mengi, sharti ambalo halikuwahi kusikika katika ukoo huu kabla hajahamia Dar. Mtoto wa kati aliposomewa swali la vitu vinavyomdhuru alijibu "hesabu". Mama, aliyekuwa anakuna nazi pembeni, akaulizwa kwa adabu tu. "Andikeni kelele," akasema.

Kisha ikaja ramani. Shemeji alikuwa amechora mstari mwekundu kwenye simu: kuanzia Mikindani, kupita Msangamkuu, kwenda Msimbati, visiwa vya Namponda na Mongo ndani ya Ghuba ya Mnazi, halafu, bila hata kupunguza mwendo, kuvuka mdomo wa Ruvuma na kuingia Msumbiji kwenye visiwa vya Tecomaji, Rongui na Vamizi. Kwenye simu kile ni kidole kimoja cha maji ya buluu.

Hapo ilibidi mweka hazina azungumze mambo yasiyo ya fedha. Nilimkumbusha shemeji kwamba vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017 na moto wake haujazimika. Mji wa Palma, ambao ni hapo tu ng'ambo ya mto, ulivamiwa Machi 2021. Upande wetu, kijiji cha Kitaya kando ya Ruvuma kilishambuliwa Oktoba 2020, na kuna watu tunaosali nao waliokimbia usiku ule. Huwezi kupeleka watoto na deli la barafu kwenye maji yale kwa sababu fukwe ni nyeupe. Shemeji alikaa kimya muda, kisha mstari mwekundu ukarudi ukiwa umeishia Mongo. Mwenyekiti akaongeza kwamba hata Desemba yenyewe si ya kuaminiwa: Desemba 2024 kimbunga Chido kiliivunja Mayotte na kesho yake kikaingia Cabo Delgado. Shemeji akauliza kama vimbunga huja Jumamosi.

Ikabaki kupata yoti. Mtwara hakuna yoti ya kukodi. Zile zinazoonekana mara mojamoja kwenye ghuba ya Mikindani ni za watu waliokuja nazo na wataondoka nazo. Mume wangu alizunguka, akaulizia, na mwisho akampata nahodha mmoja wa Mikindani, mzee mtaratibu, mwenye mashua ya mizigo iliyowahi kubeba kila kitu isipokuwa watu waliokuwa likizoni. Picha ikatumwa Hamburg. Shemeji aliitazama akauliza vyumba viko wapi. Akaelezwa kwamba chumba ni kimoja na kinaitwa ngama, na kwamba kwa kawaida hukaa maji machafu yanayosubiri kufuliwa. Akanyamaza siku nzima. Kisha akaandika: "Iwe na rangi nyeupe basi."

Nahodha alikuwa na maelezo yake kuhusu njia. Shemeji alipima kwenye simu akaona kutoka Mikindani hadi Msimbati si mbali, kama saa tatu. Nahodha akasema mwishoni mwa Desemba kaskazi imeshashika. Kwenda Msimbati ni kuelekea mashariki, upepo unakuja mbele kwenye shavu la chombo, kwa hiyo ni kubisha: unakwenda nje, unarudi ndani, unakwenda nje tena. "Tunaweza kufika magharibi," alisema, "tunaweza kufika kesho. Kurudi ndiyo raha." Mwenyekiti aliripoti kwenye kundi kwamba kurudi ni raha.

Bei ikakubalika. Nahodha alitaka arubuni ya nusu, sawasawa kabisa na utaratibu wa kimataifa, na shemeji alifurahi sana kugundua kwamba Mikindani na Karibi wana sheria moja. Arubuni ilikuwa na kazi yake: mashua ingepandishwa pwani kwa bamvua ya mwezi mpevu mwanzoni mwa Desemba, fundi aipige kalafati, yaani atie pamba mpya kwenye maungio ya mbao, aipake mafuta ya papa, kisha ishushwe kwa bamvua ya mwezi mchanga, tarehe 20 au 21. Tarehe 27 ni Jumamosi. Tungeikuta ikielea na imekauka ndani. Mpango wa nahodha haukuwa na tundu hata moja.

Kamati ndiyo ilianza kuvuja. Mashua ikapandishwa, lakini fundi hagusi pamba bila fedha, na fedha zilikuwa Chikongola zinajadiliwa. Wifi alizuia arubuni isitoke mpaka suala la choo lipatiwe ufumbuzi. Vyombo vyetu vina choo, kibanda kidogo kinachoning'inia nyuma kwenye tezi, nawe unaona bahari chini yako. Wifi alitumiwa picha yake akajibu kwa neno moja ambalo siliandiki hapa. Tukanunua ndoo yenye kifuniko. Wifi akataka pazia. Tukashona pazia. Shemeji akauliza rangi ya pazia kama itaendana na nyeupe. Mume wangu akataka jaketi za kujiokolea ziwe za saizi ya kila mtoto, na kwa hilo niliungana naye, tukazitafuta hadi zikapatikana. Sehemu yetu ya fedha ilitegemea malipo ya korosho za mama, ambazo zilikuwa zimeshapita mnadani na zimo njiani kuja benki. Njia ya malipo ya korosho naijua vizuri kikazi. Ina vituo vingi.

Mjadala huo ulikula wiki mbili za kwanza za Desemba na siku kadhaa za juu. Mwezi ukaandama. Mama akachukua ndoo na fimbo akaenda zake Msimbati, bamvua ikajaa, ikatoka, ikaisha, akarudi na pweza. Arubuni ikamfikia nahodha jioni ya tarehe 23, ikitoka mfukoni mwa shemeji mwenyewe, ambaye alikuwa ametua siku hiyo akiwa na kofia ya nahodha, nyeupe, yenye nanga ya dhahabu mbele.

Fundi alifanya kazi usiku na mchana, lazima nimpe haki yake. Siku ya Ijumaa nahodha akapiga simu, mume wangu akaiweka kwenye spika ili sote tusikie.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba mwalimu. Chombo tayari kabisa. Kinangoja maji tu."

"Maji yasikutie shaka, mzee wangu. Hayo niachie mimi."

Upande wa pili kulikuwa na kimya kirefu. "Haya, mwalimu," nahodha akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayezungumza na msomi. Mume wangu akakata simu, akaenda dukani, akarudi na madumu ya lita ishirini ya maji ya kunywa, mengi kiasi cha kuzamisha chombo chenyewe. Mama alikuwa jikoni anakunja mkeka wake.

"Hicho chombo kiko majini au kiko pwani?" akauliza.

"Mama, kila kitu kiko sawa," akajibu mwenyekiti.

Mama akachungulia dirishani kwenye anga, akaendelea kukunja mkeka.

Jumamosi asubuhi Hiace ilitubeba hadi Mikindani, kilomita kama kumi. Wifi alikuwa na masanduku mawili, deli la barafu na pazia. Shemeji alikuwa na kofia. Mama alikuwa na mkeka, kikapu na kanga ya akiba. Tulifika saa tatu asubuhi, maji yakiwa yanajaa, na ghuba ya Mikindani asubuhi kwa kweli haina mfano: maji yamezungukwa na nchi pande karibu zote, minazi, nyumba kuukuu za mawe, na juu kilimani lile Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Shemeji alilitazama kwa fahari ya mtu anayelipa kodi kwao. Mimi nilitazama kitu kingine. Wajerumani walijenga juu, mbali na maji, na mashua yetu ilikuwa karibu kufuata mfano wao.

Ilikuwa imekaa juu ya mchanga mkavu, imeegemezwa magogo kushoto na kulia, nyeupe, inanukia papa, nzuri kupita picha zake. Kati yake na bahari palikuwa na pwani nzima, na vijana walikuwa wanacheza mpira hapo.

"Inashuka saa ngapi?" shemeji akauliza.

"Tarehe nne," nahodha akasema.

"Ya mwezi huu?"

"Mwezi huu una siku nne bado, bwana mdogo. Ya Januari."

Kisha akaeleza, bila kumcheka mtu, jambo ambalo kila mtoto wa Mikindani analijua. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, lakini haijai sawa kila siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, hufika kwenye mizizi ya minazi na kutoka mpaka miamba ikabaki wazi. Mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, hayana nguvu ya kufika popote. Chombo kilichopandishwa kwa bamvua hushushwa kwa bamvua. Bamvua ya mwezi mchanga ilipita chombo kikiwa hakina pamba. Leo mwezi una siku sita au saba. Mwezi mpevu ni tarehe 3 Januari, na maji makubwa ni alfajiri inayofuata. Tiketi ya shemeji ilikuwa ya tarehe 3 Januari, mchana.

"Lakini ulisema kiko tayari," akasema mume wangu.

"Nilisema kinangoja maji, mwalimu."

Sote tuligeuka kuyatazama madumu. Dereva wa Hiace alikuwa anayashusha moja moja na kuyapanga kwenye mstari.

Shemeji akasema tukikokote. Wapenda mpira wakaacha mpira, wengine wakatoka sokoni, magogo yakawekwa chini, mzee mmoja akaanzisha wimbo wa kukokotea. Chombo kikaguna, kikasogea urefu wa mkono, kikainama upande wa kushoto. Nahodha akapiga kelele tusimame. Ukikivuta chombo kikavu kwenye mchanga mkavu maungio hufunguka, na pamba yote ya shemeji ingetoka. Vijana wakalipwa soda. Mweka hazina akaandika: soda.

Ningetegemea hapo watu warudi Chikongola wakale pilau ya mabaki ya Krismasi. Lakini shemeji alikuwa amefika kutoka mbali. Akavaa kofia vizuri. "Mkataba unaanza leo Jumamosi," akasema. "Tumelipa. Tunapanda." Nahodha akatafuta ngazi.

Hivyo ndivyo familia yetu ilivyofanya likizo ya yoti. Tulitandika magodoro kwenye sitaha, tukafunga turubai juu kwenye foromali, tukaweka jiko la mkaa mchangani chini ya omo. Kwa kuwa chombo kilikuwa kimeinama, kila kitu kilikuwa na safari yake: sahani zilihamia kushoto, embe zilihamia kushoto, na kitinda mimba wangu usingizini alihamia kushoto hadi akakutwa chini ya shangazi yake. Choo cha tezi, ambacho wifi alikiogopa kwa miezi mitatu, sasa kilining'inia juu ya njia ya watu wanaokwenda sokoni, kwa hiyo hakikutumika. Wifi alikuwa anapanda kwenda hotelini kilimani kununua chai ghali ili aombe maliwato. Watoto walikataa kata kata kushuka. Baba yao mdogo alikuwa amewapa vyeo, na yule wa hesabu alikuwa mshika usukani.

Mji wote ulikuja kutuona. Mikindani ni watu wa adabu, hawakucheka mbele yetu.

"Hamjambo wasafiri?"

"Hatujambo."

"Mnakwenda wapi?"

"Msimbati."

"Haya, upepo mwema. Msisahau kuteremka kula."

Mama maandazi alianza kupita kila asubuhi chini ya omo akipaza sauti kwamba ametoka bandarini. Wazungu wawili waliokuwa wageni wa mji walitupiga picha, na shemeji, akiwa na kofia, aliwapungia mkono.

Jioni mume wangu, kama walimu wafanyavyo wakishindwa, alianza kusomesha. Alituambia tusijione wanyonge, kwani bahari hii iliwahi kuwachezea wakubwa. David Livingstone mwaka 1861 aliingia Ruvuma na meli ya mvuke, Pioneer, akitafuta njia ya kwenda bara, na maji ya mto yakaanza kupungua chini yake mpaka akageuza asije akakwama. Mwaka 1866 akarudi na wanyama wa mizigo, ngamia wakiwemo, akitaka kuwashusha mdomoni mwa Ruvuma. Akakuta matope na mikoko, mahali ambapo ngamia hawezi kuweka mguu. Akapandisha juu kidogo, akaja kuwashusha wapi? Hapa hapa Mikindani, tulipo, na akaanzia hapa safari ambayo hakurudi.

Mama alikuwa anachambua mchele. "Na huyo naye hakuuliza mtu?" akasema.

Kimya kikatanda kwenye sitaha. Kisha mama akaweka ungo chini akamtazama mwanawe mdogo.

"Baba, umekuja kutafuta chombo au umekuja kutafuta visiwa?"

"Visiwa, mama."

"Basi shukeni."

Kesho yake mambo yalikwenda kwa kasi ambayo kamati haikuwahi kuiota. Mama alikuwa amempigia mjomba wao simu ya dakika moja. Hiace ikarudi. Madumu yakapandishwa tena, kwa kuwa Msimbati maji baridi ya kunywa ni mali. Nahodha alikataa kurudisha arubuni, na alikuwa na haki. Akasema safari yetu ipo, ni deni, atatubeba siku tutakapokutana, sisi, yeye na maji.

Kwenda Msimbati kwa barabara ni kilomita kama arobaini kutoka Mtwara. Tulipita Madimba, kwenye mitambo ya kusafishia gesi, na wifi akasimulia jinsi umeme unavyokatika kwake Dar. Mume wangu akamwonyesha bomba: gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 inasafirishwa kutoka hapa kwenda kwake. Wifi akalitazama bomba kwa macho ya mdai.

Mbele kuna lango la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650 za bahari, mikoko, mto na vijiji. Kijana wa langoni alitupokea vizuri sana, akamwamkia mama, akatuuliza idadi ya raia na idadi ya wageni. Tukasema sote wa hapa. Akaomba vitambulisho. Shemeji akatoa pasipoti nyekundu yenye tai.

Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Siku shemeji alipochukua uraia wa Ujerumani, wa huku ulikwisha. Ada ya mgeni si ada ya raia.

"Mwanangu," mama akamwambia yule kijana, "kitovu cha huyu nimekizika mwenyewe, hapo Msimbati."

"Naamini bibi. Lakini kwenye jedwali kuna safu ya raia na safu ya mgeni. Safu ya kitovu haipo."

Shemeji alikwishaanza kutoa pochi. Mama akamzuia. Akafungua pindo la kanga, akatoa fedha za korosho, hizo hizo zilizochelewa, akanikabidhi ili nilipe kwa simu kwa namba ya malipo tuliyopewa. "Huyu ni mgeni wangu," akasema. "Mgeni halipi." Mpaka tunafika kijijini alikuwa bado anamsimanga. Alimwambia kwamba Msimbati hii hii, enzi za mkoloni zikielekea kuisha, iliwahi kukaa na Mwingereza aitwaye Latham Leslie-Moore, ambaye siku moja alijitangazia kwamba pale ni nchi yake inayojitegemea na yeye ndiye sultani. "Yule alitoka Uingereza akajipa nchi nzima," mama alisema. "Wewe umezaliwa hapa, umeshindwa kujipa hata kijiji."

Mjomba alitungoja ufukweni na ngalawa mbili. Ngalawa haihitaji bamvua. Inaelea penye maji ya goti. Na hapo ndipo mama alipotufundisha jambo la pili kuhusu maji mafu. Maji yasiyo na nguvu hayavuti matope ya mikokoni, hayana mkondo wa kumbeba mtu, kwa hiyo yanatulia na kutakata. Chombo kikubwa hakina faida nayo, lakini macho yanayo. Tulivuka kwenda Namponda asubuhi, kabla kaskazi haijachangamka. Shemeji akavaa miwani ya kuzamia, akalala kifudifudi juu ya matumbawe, akakaa hapo mpaka mgongo ukabadilika rangi. Alipoinua kichwa aliuliza wale wenye mkia wa njano wanaitwaje, mjomba akamwambia, akazama tena. Wifi alikula samaki wenye magamba, akaomba mwingine. Usiku tulilala kwa mjomba, nyumba tambarare, na mtoto wangu kwa mazoea akajisogeza kushoto akaanguka kitandani.

Jumamosi ya tarehe 3 Januari shemeji aliondoka na kofia yake mkononi. Jumapili, kabla jua halijatoka, simu zetu zote zililia pamoja. Nahodha alikuwa ametuma picha: mashua nyeupe inaelea katikati ya ghuba, pazia la wifi linapepea kwenye tezi. Chini yake ujumbe wa sauti: "Mwalimu, maji yamekuja. Njooni." Kutoka Hamburg ilikuja picha ya dirisha, nje pakiwa na theluji, bila maelezo.

Mweka hazina amefunga hesabu. Fedha zilizotumika kwa visiwa, yaani ngalawa, ada za hifadhi na samaki wa wifi, hazifiki robo ya zilizotumika kwa yoti. Arubuni imebaki kwa nahodha na imeandikwa kama mali. Ndoo yenye kifuniko inatumika kuhifadhia unga.

Kamati mpya imeshakaa. Safari hii mwenyekiti ni mama, na amefanya kazi yake haraka. Amehesabu miezi akatoa uamuzi: mwezi mpevu wa Desemba hii utakuwa tarehe 24, bamvua kubwa, mashua itaelea bila kusukumwa na mtu, shemeji akate tiketi sasa. Shemeji amekata. Jana akapiga simu kushukuru na kuuliza mama atalala upande gani wa chombo, ili aagize godoro.

Mama akamjibu kwamba yeye hatakuwepo. Wakati wa bamvua yeye yuko mwambani.

Shemeji amebembeleza, amesema ni wiki moja tu, Jumamosi hadi Jumamosi, pweza hawawezi kumsubiri? Mama amesema hilo hana mamlaka nalo, aongee na pweza.